Bekapu ya Mwezi wa Siku Tano

Nilifuta bekapu ya mwisho ya hospitali yetu kwa mkono wangu mwenyewe. Na wakati naifuta, nilikuwa nafanya bekapu.

Msinicheke kwanza. Someni mpaka chini, halafu mkiwa bado na hamu ya kucheka, chekeni.

Naitwa Fikirte. Nafanya kazi kwenye chumba cha seva cha hospitali moja hapa Addis Ababa. Jina la hospitali naliacha, maana bado wananilipa.

Hospitali yetu ina idara ya tiba ya mionzi. Ile mashine kubwa ya kuchoma uvimbe, mgonjwa analala chini yake dakika chache kila siku, wiki hadi wiki. Mashine yenyewe haijui kitu. Kila mgonjwa ana mpango wake, mionzi iingie kwa pembe gani, kiasi gani, kikao cha ngapi. Mipango yote hiyo inakaa kwenye seva.

Na seva hiyo ni pepe. Yaani tulikuwa na mashine moja ya chuma, ndani yake tumepangisha seva saba, kama nyumba ya wapangaji. Kila moja na chumba chake na ufunguo wake. Ya mionzi ilikuwa mpangaji mmoja kati ya hao saba.

Nyumba yenyewe sasa ilikuwa imechoka. Miaka tisa inawaka bila kupumzika, feni inakoroma mpaka watu wa maabara wanalalamika. Mwaka uliopita hatimaye tukaletewa chuma kipya, na mkuu wa idara yetu, Ato Girmachew, ato kwetu ni bwana, akasema kazi ya kuhama tuifanye Pagume.

Kwa ambao kalenda yetu hamuijui, sisi tuna miezi kumi na tatu. Kumi na miwili ina siku thelathini thelathini, halafu mwisho wa mwaka zinabaki siku tano, hizo ndizo Pagume. Mshahara wa Pagume hakuna. Kodi ya Pagume hakuna. Watu wanahangaika na kuku na vitunguu vya mwaka mpya, na ukimwambia mtu Pagume ni mwezi, anakuuliza mwezi gani huo usio na mshahara.

Basi, Pagume mbili, siku ya pili ya hizo tano, asubuhi nikafanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Kabla ya kuzima chuma cha zamani, bekapu, yaani nakala ya akiba, ya mipangilio.

Naomba mnielewe hapo kwenye mipangilio. Mafaili ya wagonjwa yalikuwa kwenye kabati la diski la pembeni, salama kabisa. Mipangilio ni yale maelezo ya mpangaji, anaitwa nani, anatumia diski ipi, namba yake ya utambulisho ni ipi. Na ile programu ya mionzi ilikuwa imefungwa kwa namba hiyo. Ikikuta namba nyingine inajua imeibwa, haifunguki ng'o.

Nikabonyeza. Programu ya bekapu ikazunguka, ikamaliza, ikaandika kwa kijani kwamba kazi imekamilika. Nikasaini fomu. Nikaenda kunywa kahawa na roho yangu nyeupe.

Pagume tatu tukazima chuma cha zamani.

Siku hiyo mvua ilinyesha, na mvua ya Pagume tatu kwetu ni ya baraka. Manesi walitoka uani kulowa, wanacheka kama watoto. Mimi niko ndani na vijana wawili wa kampuni iliyotuuzia chuma kipya, tunafunga nyaya.

Saa nne nikafungua folda ya bekapu ili niwarudishe wapangaji wangu kwenye nyumba mpya.

Folda ipo. Jina lipo. Tarehe ipo.

Ndani hakuna kitu.

Nikafungua ya mwezi wa Nehase, uliotangulia. Tupu. Hamle, tupu. Sene, tupu. Ginbot, Miyazya, tupu tupu. Nikaigeuza skrini upande wangu ili wale vijana wasione.

Nikasema basi, tukiwashe cha zamani. Tukabonyeza. Feni ikazunguka mara mbili, ikanyamaza. Tukabonyeza tena. Ndugu zangu, chuma kilichowaka miaka tisa bila kuzimwa, ukikizima tu kimekwenda. Diski yake ya ndani ilikuwa inagonga kama mtu anayebisha hodi, mmoja wa wale vijana akanitazama akatikisa kichwa.

Seva nyingine sita tungeziunda upya kwa kuhangaika. Ya mionzi, hapana. Tuliwapigia wenye programu huko ng'ambo, wakasema leseni mpya inachukua wiki tatu.

Wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa katikati ya tiba.

Nilishuka kwa Dokta Meaza wa mionzi nikamuuliza kama kuna njia ya kuendelea kwa karatasi. Akaniambia karatasi zina idadi ya vikao tu, pembe na vipimo vimo ndani ya seva. Hakunifokea. Alisema kukosa siku moja au mbili wanaweza kurekebisha, lakini kila siku inayozidi hapo, uvimbe unapata nafasi ya kukua tena, na kipimo alichokwisha kula mgonjwa hakiwezi kurudiwa.

"Wiki tatu, Fikirte, hapa kuna watu hawatatibika tena," akasema. "Si wengi. Lakini nawajua kwa majina."

Mimi pia nilimjua mmoja kwa jina.

Shangazi Zenebech hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa mgonjwa wa kikao cha kumi na tisa kati ya thelathini, uvimbe wa shingoni. Ukuta wa chumba cha seva huwa na joto kwa sababu ya mashine, na msimu wa mvua Addis ni baridi kweli, kwa hiyo kila siku akija mapema alikaa kwenye benchi pale nje ya mlango wangu, mgongo ukutani. Ana ulimi huyo mama. Siku ya kwanza tu alinitazama juu mpaka chini akaniuliza mimi nazilisha mashine au mashine ndizo zinanila mimi, mbona nimekonda hivyo. Tukazoeana. Alikuwa ananiletea kolo, shayiri iliyokaangwa, kwenye kikaratasi, tunatafuna pamoja mpaka aitwe.

Wagonjwa waliambiwa kuna tatizo la umeme. Aliyetunga uongo huo ni Ato Girmachew, aliyeusambaza ni mimi.

Nilipopita mbele ya benchi, Shangazi akanyoosha kidole juu.

"Umeme upi? Hiyo taa si inawaka?"

Nikasema ni umeme wa mashine tu. Akanitazama kidogo, akarudi kutafuna kolo yake. Nilijisikia vibaya sana.

Mchana ule nikakaa na ile programu ya bekapu, nikaisoma mstari kwa mstari. Nilichokikuta ni hiki.

Programu ilikuwa inaendeshwa kwa jina la mtu aliyeiandika, Ashenafi. Ashenafi alifukuzwa kazi mwishoni mwa mwezi wa Megabit. Siku aliyofukuzwa nilifunga mimi mwenyewe akaunti yake, tena kwa raha zangu. Tangu hapo programu haikuwa na ruhusa ya kusoma kitu chochote. Kila mwezi inaunda folda, inaipa jina, inakuta mlango umefungwa, inaandika imemaliza.

Na kila mwezi nikasaini kwamba bekapu iko sawa. Sikuwahi kufungua hata moja.

Ila si hilo lililoniua. Programu ilikuwa inatunza miezi sita ya mwisho. Megabit, Miyazya, Ginbot, Sene, Hamle, Nehase, hesabu mwenyewe, ni sita. Bekapu ya Megabit ilifanyika kabla Ashenafi hajaondoka. Ilikuwa nzima. Mpaka Pagume moja ilikuwa imekaa pale, nzima, inanisubiri.

Pagume mbili nikabonyeza. Programu ikahesabu Pagume kuwa ni mwezi. Mwezi wa saba umeingia, ikautupa wa kwanza.

Siku tano ambazo hata mwenye nyumba wangu hazihesabu, programu ilizihesabu. Ningekuwa mvivu siku ile, nisingefanya bekapu, wale wagonjwa wangepata tiba yao. Nililia pale pale kwenye kiti.

Sasa niwaambie habari ya Ashenafi, na hapa sitajipamba.

Ashenafi alikuwa mjuaji. Alikuwa anakataa kusaini fomu ya bekapu mpaka tujaribu kuirejesha kwenye mashine ya akiba tuone kama inawaka. Ato Girmachew anamwambia hatuna muda, yeye anasema basi na saini hakuna. Mbele za watu alikuwa ananiita mpiga mihuri, eti nasaini bila kuangalia. Nilimchukia. Na nilikitaka kiti chake, mbona nisiseme.

Siku moja nikamwona anachomeka flashi kwenye seva, ananakili, anaitia mfukoni. Nikaenda moja kwa moja kwa Ato Girmachew nikamwambia Ashenafi anatoa habari za wagonjwa. Sikumuuliza ndani kuna nini. Ningeuliza ningejibiwa, na nilihisi jibu lingeniharibia mpango wangu.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku moja. Wiki iliyofuata kiti kikawa changu.

Pagume nne asubuhi nikampigia simu. Nilisikia kelele za watu na redio, siku hizi anatengeneza simu za watu soko la Merkato.

"Mpiga mihuri," akasema. "Umepotea."

Nikamweleza. Nilijua atacheka, nisingemkataza. Hakucheka. Aliniuliza seva ya mionzi imezima tangu lini, nikasema jana, akasema "ndiyo maana," taratibu, kama anaongea peke yake. Nikamuuliza kama ana nakala yoyote ya mipangilio, popote pale.

"Nilikuwa nayo moja," akasema. "Mliniibia nyinyi."

"Ile flashi?"

"Ile flashi. Mipangilio ya seva zote saba. Niliweka nakala nje kwa sababu nilijua hamtajaribu hizo zenu hata siku moja. Hakuna jina la mgonjwa hata mmoja mle. Niliwaambia kamati waifungue, wakasema ushahidi haufunguliwi. Ulinitazama machoni siku ile, Fikirte. Ulikuwa umekaa karibu na dirisha."

Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Flashi ilikuwa ofisi ya utumishi, ndani ya bahasha yenye muhuri, kwenye jalada lake la nidhamu. Kuitoa kulihitaji barua ya kueleza sababu, na wajumbe watatu wa ile ile kamati. Nikaenda kwa Ato Girmachew.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akafunga mlango.

Akaniambia kwa upole, kama baba, kwamba niandike chuma kilikufa chenyewe. Vyuma hufa. Tusubiri leseni mpya, wiki tatu si mwaka, na hakuna atakayeuliza habari za fomu zilizosainiwa. Lakini bahasha ikifunguliwa na mle ndani hamna jina la mgonjwa, basi tutakuwa tumemfukuza mtu bure, na mshitaki ni mimi, na aliyeweka saini ni yeye. Akaniuliza kama nimelifikiria hilo.

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Na nawaambia ukweli, nilitamani kukubali. Nilitoka mle ofisini nikiwa nimeshakubali nusu.

Shangazi Zenebech alikuwa kwenye benchi. Wengine wameambiwa wakae nyumbani, yeye amekuja.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa. Siku hiyo hakuwa na utani. "Mimi si mtoto. Nirudi lini? Kama ni kesho, nitakuja kesho. Kama ni baada ya mwezi, niambie, nikaandae watu wangu."

Nilifungua mdomo nimwambie umeme. Neno halikutoka.

Nikasema, "Kesho, shangazi. Njoo kesho."

Nikaingia ndani nikaandika barua. Niliandika kwamba miezi sita nilisaini bekapu bila kuzifungua. Niliandika kwamba nilimshitaki Ashenafi bila kujua flashi ina nini, na sababu ilikuwa chuki na tamaa ya kiti. Nikaweka saini, nakala moja kwa Ato Girmachew, moja kwa mkurugenzi, moja kwa Dokta Meaza, ili isije ikapotea mahali.

Pagume tano, saa tatu asubuhi, bahasha ikafunguliwa. Wajumbe watatu, Ato Girmachew, Dokta Meaza na mimi. Kesho yake ni mwaka mpya, ofisi zinafungwa, mjini watu wanaburuta kondoo wa sikukuu, na sisi sita tumeinamia flashi ndogo kuliko kidole.

Ikauliza neno la siri.

Wote wakanigeukia. Nikampigia Ashenafi, nikaweka sauti ya wote.

"Neno la siri silitaji kwenye simu," akasema. "Nilishafukuzwa mara moja kwa mambo ya usalama. Niko getini hapo nje, lakini mlinzi ana picha yangu dirishani."

Nikakimbia. Mvua ilikuwa imekatika, uwanja una matope, nikapoteza kiatu kimoja sikurudi kukichukua. Nilipofika getini mlinzi alikuwa amesimama katikati ya lango, mikono kifuani. Nje ya lango yuko Ashenafi, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

Na pembeni yake, amemshika mkono, Shangazi Zenebech anamfokea mlinzi.

"Wiki nne huyu ananileta ananiacha hapa mlangoni kama mzigo, kwa sababu yako wewe na picha yako. Leo anaingia. Huyu ni mwanangu, nimemzaa mimi."

Nikashika nguzo ya geti.

Ashenafi hakunisalimu. Alipita, akaenda kwenye chumba cha seva bila kuuliza njia, akakaa kwenye kiti changu, ambacho kilikuwa chake, akaandika lile neno la siri. Folda ikafunguka. Seva saba, kila moja na faili lake, maandishi matupu, hakuna jina la mgonjwa hata mmoja. Aliwaonyesha wajumbe moja baada ya jingine, polepole, hakuruka hata faili moja. Mjumbe mmoja alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Halafu Ashenafi akaanza kazi. Akaiumba seva ya mionzi kwenye chuma kipya, akaipa jina lake la zamani, akaiunganisha na diski zake, akaandika namba ile ile ya utambulisho. Akawasha.

Tulisubiri dakika nne. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani.

Programu ya mionzi ikafunguka. Majina arobaini na moja.

Dokta Meaza alitoka mbio akiita manesi. Mimi nilikaa chini sakafuni. Ashenafi akachomoa flashi, akaiweka mezani mbele ya Ato Girmachew, akasema hii ni mali ya jalada, irudisheni kwenye bahasha.

Saa tisa alasiri Shangazi Zenebech aliingia kikao cha ishirini. Alipotoka nilikuwa namsubiri kwenye benchi lake. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi Ashenafi."

"Najua," akasema, anafunga shela yake. "Nimejua tangu siku ya kwanza. Jina lako limeandikwa hapo kifuani, na nyumbani kwangu nimelisikia miezi sita."

"Sasa mbona ulikuwa unaniletea kolo?"

"Nilikuja kukutazama," akasema. "Nilitaka kumwona mtu aliyemfanyia mwanangu vile. Nilifikiri nitakukuta na pembe. Nikakuta msichana mwembamba, hana wa kuongea naye isipokuwa mashine. Ikanitia hasira zaidi. Juzi nilikuuliza umeme gani ukanidanganya, nikasema huyu ndivyo alivyo, basi. Jana ukashindwa kudanganya, nikaona nimwambie mwanangu ashike simu yako ukipiga tena."

Nikaanza kulia. Nikamwomba anisamehe.

Akanitazama, lakini mkono wake hakuniwekea begani.

"Bado nina vikao kumi vya kuja hapa," akasema. "Nitafikiria."

Akainuka, akaenda kwa mwanawe.

Huo ulikuwa mkesha wa mwaka mpya. Ashenafi alirudishiwa kazi Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka, na barua ya kuombwa radhi yenye saini ya Ato Girmachew. Mimi sikufukuzwa, nilishushwa cheo. Sasa yeye ndiye bosi wangu. Kila mwezi, na Pagume nayo imo, tunairejesha bekapu kwenye mashine ya akiba, tunaiwasha, tunaitazama kwa macho, ndipo fomu inasainiwa. Haniruhusu kusaini mimi.

Wewe unayesoma hapa, kama kazini kwako unatunza nakala za kitu, ifungue moja leo, uone kama ndani kuna kitu. Usiamini rangi ya kijani. Na kama kuna mtu ulimsemea jambo ambalo hukulichunguza, kaandike barua yako sasa hivi, ukiwa bado hujalazimika. Mimi niliiandika nikiwa nimebanwa kooni, na haina heshima sana barua ya namna hiyo.

Shangazi Zenebech alimaliza vikao vyake thelathini. Siku zote kumi zilizobaki alikaa kwenye lile benchi, mgongo kwenye ukuta wenye joto, tukasalimiana vizuri. Kolo hakuleta tena, na sikumuuliza.